Mabadiliko Ofisini Dodoma: Punguza Mzigo Kwanza, Hamasa Itafuata

Ofisi za Dodoma zimepitiwa na mabadiliko ya kila namna. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa ulitoka mwaka 1973, ukatekelezwa kwa kusuasua kwa miongo minne, kisha Julai 2016 serikali ikatangaza kwamba sasa inahama kweli, na Septemba ya mwaka huohuo Waziri Mkuu akawa keshafika. Mwaka 2017 CDA, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilivunjwa, kazi zake zikaenda kwa halmashauri. Mwaka 2018 mifuko ya hifadhi ya jamii ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF. Mwaka 2023 maofisa ununuzi waliokuwa wameuzoea mfumo wa zabuni wa TANePS walijikuta kwenye mfumo mpya wa NeST, kisha upimaji wa utendaji wa watumishi nao ukatoka kwenye fomu za OPRAS ukaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa PEPMIS. Hapo hatujataja ofisi zilizofungasha makabati mjini zikayapeleka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, wala masijala zilizoaga majalada ya karatasi.

Anayebanwa zaidi katika yote hayo ni kiongozi wa katikati: mkuu wa kitengo chenye watu 8 hadi 25, msimamizi wa ofisi ya shirika, meneja wa tawi. Uamuzi hakuufanya yeye, fungu la fedha hashiki yeye, lakini maswali yote yanaishia mlangoni kwake. Makala haya tunamwandikia yeye.

Tunachokiamini ni hiki: timu nyingi huangushwa na mzigo. Kazi mpya inaletwa juu ya kazi ya zamani, hakuna kilichoondolewa, halafu watu wanaitwa kwenye semina ya kuhamasishwa. Kiongozi naye huchoka kwa sababu hiyohiyo, hata awe na moyo mgumu kiasi gani. Kwa hiyo ushauri mwingi humu ni wa kalenda, orodha na mipaka. Hotuba utajitungia mwenyewe.

Soma kalenda kwanza

Kama una sauti katika kupanga tarehe ya kuanza, itumie vizuri. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakuwa limekaa. Watu wa wizara na taasisi wanaandaa majibu, wanaitwa usiku, wanakaa na simu mkononi. Juni 30 mwaka wa fedha unafungwa, na wahasibu wanabaki na hesabu za mwisho hadi mwishoni mwa Septemba zinapotakiwa kufika kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Mvua za kwanza zikidondoka, Novemba ikiisha au Desemba, sehemu kubwa ya ofisi ina shamba la alizeti, mtama au karanga mahali fulani, na maombi ya ruhusa yanaongezeka. Kinachobaki ni Oktoba hadi katikati ya Novemba kwa jambo linalomgusa kila mtu, na Julai hadi Agosti kwa jambo lisilowagusa wahasibu.

Mabadiliko yanayohamisha familia yana kalenda yake. Mwaka wa shule unaanza Januari, muhula wa pili Julai. Ukimwambia mtu katikati ya Desemba kwamba Januari aripoti kituo kingine, umemnyima nafasi ya kutafuta shule na nyumba ya kupanga kwa wakati mmoja, na kichwa chake hutakipata ofisini hadi Machi. Tangazo la kuhama Januari litoke kabla ya Septemba kuisha.

Tarehe ikiwa imeshatoka juu, omba wiki mbili, usiombe miezi mitatu, na ombi lako liwe na hesabu ndani: tarehe hiyo tuna malipo ya watu wangapi, waliofundishwa mfumo mpya ni wangapi, na nani atakuwa likizo. Ombi fupi lenye hesabu lina nafasi ya kusikilizwa. Barua inayosema "tunaomba tuongezewe muda kutokana na changamoto mbalimbali" inajibiwa kwa kimya.

Tangazo: dakika 20, mambo manne

Kikao cha kwanza kiwe asubuhi, Jumatatu hadi Jumatano. Ijumaa alasiri ni kosa kubwa. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, saa za mwisho za Ijumaa wenye familia Dar wanaangalia saa ya stesheni. Na hao wengine utakuwa umewapa siku mbili nzima za kujadiliana kwenye WhatsApp bila mtu wa kuwajibu.

Wasaidizi wako waambie asubuhi ileile, saa moja kabla ya wengine. Ukiwaambia siku tatu kabla, habari itavuja, na wala si kwa ubaya: mtu atamnong'oneza rafiki yake "jiandae", basi. Redio mbao ikishakutangulia, kikao chako kinageuka cha kukanusha.

Yaseme manne tu, kwa mpangilio huu. Kinachobadilika na tarehe yake. Kisichobadilika: taja mshahara, cheo, mkataba, likizo zilizokwisha idhinishwa, kama kweli haviguswi. Usichokijua bado. Na lini mtakutana tena, siku na saa. Hili la nne ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo linalotuliza watu kuliko yote, kwa kuwa mtu anayejua atasikia kitu Alhamisi saa 4 asubuhi anaweza kuendelea na kazi mpaka Alhamisi. Siku hiyo ikifika huna jipya, kikao kifanyike vilevile, kwa dakika tano, useme huna jipya.

Kuna maneno ya kuepuka. "Msiwe na wasiwasi" humwongezea mtu wasiwasi. "Ni maelekezo kutoka juu" unaweza kulisema mara moja, lakini ukilirudia unawaambia watu kwamba huna taarifa na hujajisumbua kuitafuta. Nenda ukaulize sababu, na kama hukupewa, sema hukupewa. "Hakuna atakayepunguzwa" usilitamke kabisa kama huna karatasi yenye saini. Na kama kupunguza kupo njiani, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio, aeleze sababu na kushauriana na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kabla ya kutekeleza. Kiongozi anayefunika kombe hapo anajitafutia kesi CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Jambo moja la Dodoma hasa. Watu waliosikia "tunahama" kwa miaka zaidi ya 40 walijifunza kutoamini tangazo, na mazoea hayo yapo hadi leo kwenye ofisi nyingi: mpango unasikilizwa kwa heshima, kisha kila mtu anarudi kwenye meza yake kusubiri upite. Dawa yake ni kitu kinachoonekana ndani ya siku 14 za tangazo. Chumba kimoja kimekwisha hamishwa, fomu moja ya zamani imeondolewa kwenye matumizi, kompyuta mbili zimefungwa programu mpya. Kidogo, lakini kisichoweza kurudishwa.

Maswali hayaulizwi kikaoni

"Kuna swali?" Kimya. Mtu mmoja anasema "Sawa mkuu, tumeelewa." Kikao kinafungwa, na maswali yote yanaulizwa kwenye ngazi, kwa mama wa chai, na kwenye kundi la WhatsApp ambalo wewe humo. Haya ndiyo malezi yetu: kumhoji mkubwa mbele za watu kunaonekana utovu wa adabu. Usipigane na malezi hayo, tafuta njia ya pembeni.

Njia inayofanya kazi ni karatasi. Gawa vipande vidogo, robo ya A4, kila mtu aandike swali moja bila jina. Kalamu ziwe za rangi moja, ununue pakiti moja mwenyewe, na waambie waandike kwa herufi kubwa. Katika ofisi ya watu 12 kila mtu anaujua mwandiko wa mwenzake, na mwenye swali gumu zaidi atakaa kimya akihofia kutambulika. Kila mtu arudishe karatasi, hata tupu, asije akaonekana ni nani aliyeandika. Katibu muhtasi azisome kwa sauti. Wewe usizishike.

Kisha fungua kaunta buku yenye safu tano: swali, tarehe, nani anajibu, jibu, tarehe ya jibu. Ikae mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuifungua. Kila swali lipate kitu ndani ya siku mbili za kazi, hata kama ni "bado, tumeuliza Utumishi, tutarudi tarehe 14". Baada ya wiki tatu angalia safu ya kwanza. Maswali ya aina moja yakijirudia, kwa kawaida jibu lako la kwanza halikueleweka, au halikuaminika.

Na hiyo "sawa mkuu" usiichukulie kuwa ni kukubali. Anayekubali haraka bila swali lolote mara nyingi hajaanza kulifikiria. Ukitaka kujua, muulize taratibu: "Kesho asubuhi ukifika utaanza na nini?" Akiwa na jibu, yuko pamoja nawe.

Ondoa kazi, na uziondoe kwa maandishi

Hapa ndipo viongozi wengi hawafiki. Kwa wiki sita za mwanzo panga kazi kana kwamba timu ya watu 10 ina watu 7. Ni kipimo cha kupangia tu. Ofisi nyingine itahitaji wiki nne, nyingine nane. Wale watatu "waliopotea" ni muda wa kujifunza, kurudia makosa, kutafuta mafaili kwenye maboksi, kupiga simu kwa watu wa mfumo. Muda huo utatumika tu, uwe umeupanga au hujaupanga. Usipoupanga utatoka kwenye jioni na Jumamosi za watu, na kuanzia wiki ya tano utaanza kuona vyeti vya daktari.

Zoezi lenyewe linachukua saa moja na nusu. Kila mtu aandike kazi zake zote kwenye kadi, kazi moja kadi moja, na zile ndogondogo zisizotajwa kwenye majukumu ya kazi. Zipangeni ukutani kwa mafungu matatu: inayobaki, inayosimama hadi tarehe fulani, inayokufa. Fungu la tatu litakuwa tupu mwanzoni, na hapo uwe mkaidi. Kuna taarifa ya wiki ambayo hakuna anayeisoma. Kuna rejesta inayojazwa mara mbili kwa kuwa bosi wa miaka ile aliitaka hivyo. Kuna kikao cha Jumatatu kinachorudia mambo ya Ijumaa. Taarifa za kisheria usiziguse, wala kitu chochote mkaguzi anachokidai. Nyingine zichelewesheni wiki mbili makusudi muone nani ataulizia.

Yaliyosimamishwa yaandikieni dokezo, mkubwa wako aweke saini. Bila saini hiyo, siku atakayoulizia ile taarifa utaogopa, utamwita kijana aifanye usiku, na timu nzima itajua kwamba kuondolewa kwa kazi kulikuwa maneno.

Mifumo miwili kwa pamoja

Kuendesha mfumo wa zamani na mpya sambamba kunasaidia kwa mzunguko mmoja kamili: mwezi mmoja wa malipo, zabuni moja tangu tangazo hadi mkataba, robo moja kama kazi yenu ni ya robo. Zaidi ya hapo ni sumu. Mambo matatu yaandikwe kabla ya siku ya kwanza: ni mfumo upi wenye neno la mwisho takwimu zikipishana, nani analinganisha na siku gani, na tarehe gani wa zamani unafungwa. La tatu lisipoandikwa, baada ya mwaka mtakuta daftari na kompyuta vyote vinajazwa, na kila kimoja kina hesabu yake.

Umeme na intaneti vitakatika, kwa hiyo tengenezeni karatasi ya dharura: fomu zenye namba kuanzia 001 hadi 050, ashike mtu mmoja. Kinachoandikwa humo kiingizwe kwenye mfumo kabla ya saa 6 mchana wa siku ya kazi inayofuata na kigongwe muhuri "IMEINGIZWA". Namba zinasaidia kuona karatasi iliyopotea. Fomu zisizo na namba huzaa mfumo wa tatu.

Hatari nyingine ni nywila. Mkubwa ana safari, dokezo linasubiri idhini yake, anapiga simu: "Ingia tu, nywila nimekuandikia." Baada ya mwezi nywila iko kwenye kipande cha karatasi chini ya kibodi na watu wanne wanaidhinisha kwa jina lake. Ukaguzi ukija, saini ni yake. Kama mfumo unaruhusu kukaimisha, mkaimisheni mtu rasmi na kwa tarehe. Kama hauruhusu, dokezo lisubiri.

Mafunzo tutayapita haraka. Ukumbi wenye projekta na watu 40 unafundisha kidogo sana, kwa kuwa anayebonyeza ni mkufunzi peke yake. Watu wasiozidi watano kwa mkufunzi mmoja, dakika 45, kila mtu kwenye kompyuta yake na kazi yake halisi ya siku hiyo. Rudia baada ya siku tatu. Inatosha.

Aliyekuwa anajua sasa hajui

Mfikirie karani wa masijala mwenye miaka 20 kazini. Jalada likipotea, wakurugenzi wanamfuata yeye. Anajua kwa kuangalia gamba tu kwamba hili limetoka kwa mwanasheria na bado halijafika uhasibu, anajua nani ana tabia ya kulalia mafaili, na anajua folio (ukurasa wa jalada) ya 17 iko nyuma ya folio ya 31 kwa sababu mtu aliibandika vibaya. Ofisi mtandao ikiingia, yote hayo yanafutika mchana mmoja. Dokezo halionekani tena mezani kwa mtu. Liko "kwenye mfumo", na kijana wa mafunzo kwa vitendo mwenye miezi miwili analipata kabla yake.

Mtu huyo akianza kusema mfumo ni mbovu, viongozi wengi humwandika kuwa ni mpinzani wa mabadiliko. Kinachomuuma ni heshima iliyoondoka, na ukimbana ataondoka na alichonacho kichwani. Mpe nafasi ambayo ujuzi wake wa zamani ndio sifa yenyewe: asimamie mpangilio wa majina ya mafaili, aamue lipi linaskaniwa kwanza na lipi linakwenda kwenye hifadhi, ahakiki kurasa kabla jalada halijafungwa. Afundishwe peke yake, mezani kwake, na mtu wa rika lake au anayemheshimu. Kumkalisha mbele ya wenzake ili afundishwe na kijana anayemwita "mzee" huku akimchukulia kipanya mkononi ni kumvunja.

Vilevile kwenye kuunganisha vitengo. Watu wa pande mbili wanafika na fomu mbili, na kila upande unaamini fomu yake ndiyo bora. Msichanganye nusu kwa nusu ili kila mtu aridhike. Mtapata fomu ndefu kuliko zote mbili. Chagueni moja, mseme wazi mmeichagua kwa sababu gani, na mhakikishe mara nyingine upande wa pili nao unachukuliwa kitu chake kizima.

Kuhama jengo: angalia nauli na watoto

Mtumba uko kama kilomita 17 mashariki mwa katikati ya jiji, upande wa barabara ya Morogoro. Kwa mwenye gari ni muda mfupi. Kwa anayeishi Nkuhungu, upande mwingine wa mji, ni kuvuka jiji zima kwa daladala zaidi ya moja, na saa za kazi zinaanza saa 1:30 asubuhi palepale.

Kabla ya kuhama, tengeneza jedwali: kila mtu anaishi wapi, anatumia dakika na nauli kiasi gani sasa, atatumia kiasi gani kule. Zidisha nauli kwa siku 22 za kazi za mwezi. Ukiona kwa mtu wa kima cha chini tofauti hiyo inameza sehemu ya maana ya mshahara, hilo ni swali la bajeti, lipeleke juu na jedwali lake. Kama taasisi ina basi, vituo vipangwe kwa jedwali hilo. Kwa kawaida hupangwa kwa anakoishi mwenye cheo.

Kuna kundi ambalo husahauliwa. Sheria ileile ya 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, akanyonyeshe. Ofisi ikiwa mjini na mtoto Area C, mtaa wa hapohapo mjini, inawezekana. Ofisi ikiwa Mtumba na mtoto Nkuhungu, muda huo unaishia barabarani. Kaa naye mkubaliane mapema: atoke saa 7:30 badala ya 9:30, au kitafutwe chumba safi chenye mlango unaofungwa ili mtoto na mlezi waletwe. Usisubiri aombe.

Kuhusu posho za uhamisho tutasema sentensi moja: usimwandikie mtu barua ya kuhama kabla hujaona fungu lenye fedha zake, kwa kuwa deni la uhamisho lisilolipwa linaua imani kuliko uhamisho wenyewe.

Na wewe mwenyewe

Dalili za kiongozi aliyeelemewa zinaonekana mezani kabla ya hospitali. Unasoma dokezo moja mara tatu. Jalada lenye tatizo linashuka chini ya rundo kila siku. Kuna mtu mmoja unamkwepa kwenye korido. Majibu yako kwenye simu yamekuwa ya neno moja. Ukiona mbili kati ya hizo kwa wiki mbili, punguza, usijikaze.

Cha kwanza cha kupunguza ni maamuzi. Chagua mtu wa pili, mkaimishe kwa barua yenye mipaka: anaidhinisha nini, hadi kiasi gani, nini lazima akusubiri. Kisha ondoka siku mbili za kazi na usipige simu. Ukirudi utakuta orodha ya "tulikuwa tunakusubiri". Hiyo ndiyo orodha ya kuongeza kwenye barua yake. Wapo wanaoogopa kwamba ofisi ikienda bila wao wataonekana hawahitajiki. Kwa maoni yetu ofisi inayosimama kila bosi anaposafiri ni mzigo ambao bosi amejitwisha mwenyewe.

Cha pili ni simu. Kundi la ofisi lifungwe saa 2 usiku. Dharura apigiwe mtu, isiandikwe. Kanuni hii inavunjwa na kiongozi kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa ujumbe wa saa 5 usiku unaoanza na "samahani kwa usumbufu". Ukikumbuka kitu usiku, kiandike kwenye daftari kando ya kitanda.

Tafuta mtu wa kuongea naye nje ya ofisi yako, wa cheo kinachofanana na chako, saa moja kila wiki mbili. Walio chini yako hawafai, maana kila hofu utakayoimwaga kwao itakuwa habari kufikia mchana. Nyumbani nako kuna mwisho wa kubeba.

Usipokubaliana na uamuzi wa juu, andika upinzani wako kwa aliyeuamua, ukurasa mmoja, wenye gharama na pendekezo mbadala. Chini usijifanye umefurahi, na usiukandie. Unaweza kusema: "Uamuzi umeshatoka na tunautekeleza. Mambo mawili nimeyapeleka juu, jibu nategemea kulipata wiki ijayo." Watu wanamvumilia kiongozi asiye na uwezo wa kubadili jambo. Anayewasema wakubwa wake mbele yao hawamwamini, maana wanajua kesho atawasema na wao.

Mazungumzo ya mtu mmoja mmoja yasikose. Dakika 20 kwa kila mtu kila wiki mbili. Kwa watu 12 ni saa nne, yaani asubuhi moja. Maswali matatu yanatosha: nini kimekukwamisha, nini nilikuahidi sijakitimiza, na kuna jambo nje ya kazi ambalo ungependa nilijue? La mwisho mtu anaweza kulikataa. La pili ndilo litakalokuuma, na ndilo lenye faida zaidi.

Wiki ya tatu hadi siku ya tisini

Wiki mbili za mwanzo huenda vizuri kwa sababu ya upya. Kati ya wiki ya tatu na ya sita makosa yanaongezeka, vicheko vinapungua, na mtu mmoja anatamka wazi kwamba zamani kulikuwa bora. Mara nyingi kiongozi naye wakati huo keshageukia jambo jingine. Weka kwenye kalenda siku ya 30, ya 60 na ya 90, saa moja kila moja, na uulize swali hili: kitu gani tumekirudia kwa siri? Utakuta kaunta buku kwenye droo ya mtu, fomu ya zamani imechapwa upya, namba za wateja zimeandikwa nyuma ya kalenda. Usiwakaripie. Fungua hiyo kaunta buku uone safu zipi zinajazwa. Hizo ndizo taarifa ambazo mfumo mpya hauzitoi, au unazitoa kwa kubonyeza mara kumi na mbili. Wapelekee watu wa mfumo picha ya ukurasa huo pamoja na ombi la maandishi.

Siku ya 90 rudini kwenye kadi za ukutani. Kila kazi iliyosimamishwa iamuliwe upya: inarudi, kwa nani, kuanzia lini, au inahamia fungu la zilizokufa. Likizo zilizoahirishwa zipangwe siku hiyohiyo, kwa majina na tarehe. Kaunta buku ya maswali ifungwe kwa mstari na saini, ipelekwe masijala. Na mwandikie mkubwa wako kwamba kitengo kinahitaji robo mwaka moja bila badiliko jingine kubwa; akikuletea jingine wiki inayofuata, muulize lipi kati ya yaliyopo lisimame, na umwombe ajibu kwa maandishi.